Kimya cha Ofisi ya Utulivu

Mmekwisha kuona ofisi nzima inakatazwa kutoka mpaka kompyuta iseme kwamba mji uko salama? Wivine aliona.

Waasi walikuwa wanakaribia Lubumbashi, kwa hiyo Ofisi ya Utulivu wa Wananchi ilitangaza jambo kubwa. Sauti ya Directeur Kalenga imeingizwa katika kompyuta, nayo itatoka katika vipaza sauti vya barabarani ili watu watulie. Mpaka watulie, hakuna mfanyakazi kutoka.

Wivine alikuwa secrétaire, karani wa Directeur. Watoto wake alishawatuma Sakania, mpakani, kwa dada yake, na lori la kumfikisha huko lilikuwa linamngoja mpaka jioni. Alisimama mbele ya meza, mkoba kwapani.

"Chef, nilikuwa nataka..."

"Mama Wivine, kwanza taifa."

Directeur akabonyeza. Kompyuta ikanyamaza.

Rodrigue, technicien, fundi wa ofisi, aliinama. Pembeni mwa kioo cha kompyuta, kale kapicha ka kipaza sauti kalikuwa kamepigwa alama nyekundu: sauti imezimwa. Wivine alikaona. Hata mlinzi wa mlangoni alikaona. Juzi mashine ilipiga kelele Directeur akiwa amesinzia, naye akaamuru: "Mukate ile sauti, na muntu asiirudishe." Amri ya chef haifutwi na mtu wa chini. Na kumkumbusha ni kusema kwamba alilala kazini, wakati kila mtu anajua Directeur halali kazini, anatafakari.

Basi kosa likatafutwa pengine. Rodrigue aliondoa pilote, yaani ile programu inayoiendesha kadi ya sauti, akaiweka upya. Kadi yenyewe ilitolewa, ikapanguswa kwa kitambaa cha manjano, ikarudishwa. Ikaundwa Tume ya Uchunguzi wa Kimya, yenye président na vice-président wawili, na Tume ikaazima vipaza sauti vya kanisa. Kwa vipaza vya kanisa, kimya kilisikika vizuri zaidi.

"Pengine mashini iko na woga ya vita," akasema vice-président mmoja.

"Andika ile," akasema Directeur.

Risasi zikaanza kulia upande wa mtaa wa Makomeno.

"Munasikia? Bantu banafanya fujo sababu habajasikia sauti yangu."

"Chef, mi nilikuwa nataka..."

"Kesho, mama."

Magari ya waasi yakasimama uani. Tume ikatorokea dirishani kwa mpango, président akitangulia, kama itifaki inavyotaka. Rodrigue aliona Directeur hayuko tena mezani, na amri ya kukata sauti imekosa mwenyewe. Akaiondoa ile alama nyekundu.

Sauti ikajaa barabara nzima: "Wananchi, mimi Directeur Kalenga ninawahakikishia, adui yuko mbali sana, na anakimbia."

Kamanda wa waasi alisimama mlangoni akasikiliza mpaka mwisho, kwa heshima.

"Sauti muzuri. Chef iko nani hapa?"

Directeur alikuwa ameshavua abacost, ile suti ya wakubwa, amekamata kitambaa cha manjano. "Ni huyu mama, mon commandant," akajibu kwa sauti ileile. "Mi niko mupangusaji tu."

"Mama, njo wewe chef?"

Wivine alimtazama Rodrigue. Rodrigue alitazama dari.

"Njo mimi." Akaweka mkoba vizuri kwapani. "Tangu asubui nilikuwa nataka ruhusa ya kwenda kuona batoto yangu Sakania. Sasa nimejipatia. Na huyu mupangusaji asitoke, mpaka bantu batulie."