Kitenzi Kilichoturudishia Sahani Tupu

Kwa Mhariri wa Kamusi ya Kiingereza na Kiswahili,

Nakuamkua kwa heshima zote, wewe na maneno yote yaliyo chini ya ulinzi wako. Sisi hapa Kibokoni tu wazima, ila njaa.

Nakuandikia kukishitaki kitenzi kimoja. Kinakaa kamusini mwako kwenye herufi J, na jina lake ni justify. Umekifasiri kwa upole mno: "kutoa sababu ya kuonyesha kuwa jambo ni haki." Anayesoma hivyo atadhani ni kitenzi chenye adabu zake. Malalamiko yangu ni haya.

1. Kililetwa nyumbani kwetu na Bi Rosebella, mpangaji wetu wa ghorofa ya juu, anayefanya kazi ofisini bandarini. Aliwasimulia wanawake kwamba kazini kwao hata kalamu hainunuliwi bila ku-justify. Mke wangu, Mwanaesha, alipendezwa mno. Tangu siku ile kikombe changu cha pili cha kahawa kinahitaji maelezo. Juzi nilitakiwa nieleze usingizi wa mchana. Nikaeleza, nikalala, nikaamshwa kwa swali la nyongeza.

2. Hayo ningeyavumilia. Lakini Mwanaesha na jirani yetu Bi Mwanakhamis ni marafiki tangu utotoni, na kila Ijumaa hupelekeana sahani. Mtu wa hapa harudishi sahani ya mwenziwe tupu. Akikosa kitu ataweka hata ndimu mbili. Basi mwezi uliopita sahani yetu ilirudi tupu, imeoshwa, pamoja na sababu: gesi imekwisha na wageni wamefika. Sababu nzuri kabisa. Hapo ndipo penye balaa, Mhariri, maana mke wangu aliridhika! Ijumaa iliyofuata naye akatuma sababu. Siku hizi sababu zinapita kwa simu, za sauti, kila moja ndefu kuliko iliyotangulia, na hakuna anayepika. Wanawake wawili waliokuwa wakisimama mlangoni mpaka chai ipoe hawajaonana wiki hizi zote, na ukuta wao ni mmoja. Naona uchungu, wala si kwa ajili ya biriani peke yake.

3. Nikaamua kuuchunguza ukoo wa kitenzi chenyewe. Kumbe asili yake ni Kilatini: justus, yaani mwenye haki, na facere, yaani kufanya. Kikapita kwa Wafaransa, kikawafikia Waingereza. Umeona? Hakiitafuti haki, kinaitengeneza. Hicho si kitenzi, ni kiwanda. Joab, anayechapisha kadi za harusi Tononoka, akaniambia kwao wachapaji maana yake ni kunyoosha mistari ikae sawa pande zote mbili, hata ikibidi maneno yaachanishwe. Nikamwambia ndiyo nyumba yangu hiyo. Na Rosebella mwenyewe akakiri kuwa kanisani kwao maana yake ni kuhesabiwa haki bure, kwa neema. Nikamuuliza kwa adabu kwa nini basi alituletea ile ya ofisini.

4. Kwa hivyo naomba kitenzi hiki kitolewe kamusini na kirudishwe kwao kwa njia ile ile kiliyojia: kwanza Uingereza, kisha Ufaransa, kisha Roma, na kila kituo kieleze kwa maandishi kwa nini kilikipokea. Kama haiwezekani, kipigwe marufuku siku ya Ijumaa baada ya sala, mahali popote penye sufuria.

Nisalimie wahariri wenzako, wachapaji, jamaa zao, na vitenzi vyote visivyo na hatia.

Ni mimi niliyedhulumiwa,
Taib, Kibokoni.

Tanbihi: Kabla sijafunga bahasha, Bi Mwanakhamis amekuja mwenyewe na sahani ya biriani, imefunikwa kawa. Mwanaesha alikuwa amekwenda Feri kumpokea dadake. "Mwambie mwenzangu leo sina sababu yoyote," alisema. "Nimemkumbuka tu." Nilifurahi hata macho yakalowa. Nikaonja kidogo kwa niaba ya nyumba. Kisha nikaonja na upande wa pili, ili sahani isionekane imeliwa upande mmoja. Sasa sahani i tupu, na nasikia ndala za mke wangu ngazini. Tafadhali futa yote niliyoandika hapo juu. Kitenzi kibaki. Nitumie upesi mifano yake ya matumizi, yote uliyo nayo.