Maji ya Makunduchi Hayana Povu

Jumatatu, 3 Septemba 1956

Duni kaondoka. Kachukua mtoto na birika, kaenda kwao Makunduchi. Kaniachia salamu kwa jirani: baba yake, Mzee Mjaka, hanirudishii mke mpaka niende na watu wasiokunywa, wasimame kunidhamini. Watu gani? Mimi Mnyamwezi, hamali wa bandarini. Baba zangu wako Tabora. Hapa Unguja watu wangu wote wako kilabuni.

Nasikia mtaa wa Ng'ambo kuna walioacha tembo, hukutana jioni kusaidiana. Wapi, sijui. Nikafikiri: anayemjua aliyeondoka ni yule aliyeachwa. Leo naenda kilabuni. Kuuliza tu.

Jumanne, 4 Septemba

Nimeamka mlangoni kwa jirani, kiatu kimoja. Kukaa kilabuni kinywa kikavu ni utovu wa adabu. Jibu sikupata, au nilipata nikalisahau.

Mimi navuta gari la mizigo, mwenzangu Mmanga anasukuma. Nilipomweleza, kacheka mpaka magunia ya karafuu yakataka kuanguka. Kasema mimi ni mgonjwa anayetafuta tabibu makaburini. Nikamwambia basi awe tabibu yeye. Hapo ndipo shauri likanijia. Mzee Mjaka hawajui hao walioacha. Mimi pia siwajui. Ya nini kuwasumbua? Mmanga na wenzetu wawili wa gari wataazima kanzu. Nitawafundisha kukaa kimya na kushika tasbihi.

Ijumaa, 7 Septemba

Tumekwenda na gari la abiria la shamba. Kanzu ya Mmanga ilimfika magotini, lakini alitembea kama kadhi. Mzee Mjaka katupokea barazani. Shikamoo, marahaba. Mmanga kamwambia hajagusa tembo tangu mwaka wa njaa. Alisema vizuri hata mimi nikamwamini. Nyuma ya pazia nilisikia mwanangu anacheka. Moyo ukaniuma.

Tukaletewa maji ya kisimani. Sasa, tembo huja na povu juu, na nyuki waliokufa ndani yake. Mnywaji hupuliza kwanza, ndipo anywe. Mmanga kainua kikombe, kapuliza. Wale wawili wakapuliza, wote pamoja, kama wapiga zumari. Nikawatazama kwa hasira. Nikainua changu, nikapuliza.

Mzee Mjaka kauliza kwa upole kama tumeona nyuki. Kasema maji ya kisima chake hayana povu. Kisha katusindikiza mwenyewe mpaka garini. Bora angenitukana.

Duni alisimama mlangoni. Alikuwa anajizuia kucheka, au kulia. Sikuweza kujua.

Jumamosi, 8 Septemba

Magharibi nilikuwa naelekea kilabuni, nakiri. Njiani nikawaona wazee wawili. Mmoja kamfikisha mwenziwe mlangoni, wakaagana. Mwenye nyumba kasema haiwi, mgeni harudi peke yake, kamsindikiza kwake. Walipofika huko, huyu naye kasema haiwi. Wakageuka tena. Wamenipita mara kadhaa hivyo hivyo.

Nikawauliza wamepoteza nini. Yule mwembamba ni Bakar, zamani mgema, akipanda minazi kuiteremsha hiyo tembo mwenyewe. Kasema hawajapoteza kitu. Kilabu kiko katikati ya nyumba zao. Kila mmoja anaogopa kukipita peke yake, na anamwogopea mwenziwe zaidi. Basi huenda na kurudi mpaka kilabu kifungwe.

Nikauliza, ndio nyinyi kikundi chenyewe? Mwenziwe, Abdulla, mnene, kanijibu kuwa kikundi ni neno kubwa. Kanisogeza katikati yao, tukakipita kilabu. Abdulla kanishika mkono kama mtu anayemvusha mtoto njia.

Wakanifikisha kwangu. Nikataka kuwasindikiza, ndiyo adabu. Bakar kanikataza. Kasema tukianza hivyo watatu, alfajiri itatukuta njiani.

Jumapili, 16 Septemba

Wiki nzima katikati yao. Miguu inauma kuliko kuvuta gari. Leo wamekwenda nami Makunduchi, kila mtu na kanzu yake.

Mzee Mjaka kawauliza kama wananidhamini. Nikamkonyeza Bakar. Bakar kasema hapana, mtu huyu hadhaminiki, hata sasa ananikonyeza. Nikataka ardhi inimeze. Kisha kasema: ila hatatembea peke yake. Hilo naweza kuliahidi.

Maji yakaletwa. Bakar, ambaye hajaonja miaka na miaka, kainua kikombe, kapuliza. Kisha kashika mdomo kwa aibu. Mzee Mjaka kacheka mpaka akafuta machozi. Kasema sasa ameamini, huyu kweli alikuwa mlevi.

Duni katoka na mtoto mgongoni, birika mkononi.

Jumatatu, 17 Septemba

Birika liko jikoni linachemka. Mtoto kalala kifuani kwangu, naandika kwa taabu.

Nimefikiri sana kazini. Mtu aliyeacha, wenzake wa zamani watajuaje kama hawamwoni? Kesho nitakwenda kilabuni peke yangu. Kuwasalimia tu. Nikae kidogo, nimwonyeshe Mmanga uso wangu ulivyonawiri. Bakar nitamwambia mtoto ana homa, nawahi nyumbani.

Nimemaliza kupanga, Duni kaniambia kesho atakuja kunipokea bandarini. Bakar kamwonya: wiki ya pili watoto wa walioacha huugua homa, wote.

Watu hawa hawamwamini mtu hata kidogo.

Nitasema naumwa jino.