Mama Mkwe na Sanamu Mia na Sitini na Tatu

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Mwaro amemaliza makabati leo. Matatu, ya vioo, kutoka sakafuni hadi karibu na dari. Yameenea ukuta mzima wa chumba cha wageni. Nimehangaika nayo tangu shule zifungwe.

Mwaro ni seremala mzuri, mtu wa Jilore, ila ana tabia ya kuuliza. Aliuliza kama makabati ni ya vyombo. Nikamwambia ni ya sanamu za katuni za Kijapani. Akapiga randa kidogo, kisha akauliza watoto wangu wana umri gani. Sina watoto. Akaendelea kupiga randa.

Sanamu ni mia na sitini na tatu. Mashujaa wenye panga. Wachawi wenye majoho. Wasichana wa nywele za samawati. Jitu moja lenye pembe, linalokaa peke yake kwa sababu ya mabawa. Mabango, mito na vikombe sijavihesabu. Miaka sita vyote vimeishi ndani ya maboksi, chini ya kitanda, kama wafungwa.

Jumamosi hii chama chetu cha mashabiki wa katuni hizi hapa Pwani kinakuja kukagua. Nyumba mbili tu zimeingia fainali, yangu na ya Nahashon. Itakayoshinda itapigwa picha ya bango la mkutano wa Desemba, Kilifi. Nahashon anafundisha kemia shule moja nami, kule Magarini. Ana taa zinazobadilika rangi. Ana sanamu inayojizungusha yenyewe. Mtu huyu ananinyima raha.

Jioni Widad, mke wangu, amerudi kazini na habari. Mama yake anakuja keshokutwa kutoka Lamu kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Atalala chumba cha wageni. Mama hakai chumba chenye sanamu, seuze kuswali humo. Niziondoe zote.

Nimeahidi. Niliahidi kwa moyo mweupe, na nia ilidumu mpaka baada ya chakula.

Jumanne, 5 Agosti

Nimefungasha asubuhi nzima. Kila upanga una boksi lake, kila nywele zina mfuko wake. Kufikia adhuhuri nimefunga nne, na mmoja amekatika kidole. Kwa mwendo huo nitamaliza Septemba. Na Jumamosi nizipange upya kwa muujiza gani?

Nikakaa, nikasimama, nikazunguka chumba mara kumi. Wazo likaja. Pazia.

Mwaro amerudi kutia fimbo. Pazia zito, rangi ya maziwa, ukuta hadi ukuta. Widad alipoingia alilisifu. Akauliza nyuma yake kuna nini. Nikasema maboksi.

Si uongo kamili. Sanamu nne zimo ndani ya maboksi.

Jumatano, 6 Agosti

Mama mkwe ameingia kwa basi la mchana. Jina lake Bi Harusi. Zamani alikuwa akishona kofia kwa mkono, kofia za kudarizi tundu kwa tundu, watu wakizifuata kutoka Mombasa. Ameacha miaka minne sasa, tangu macho yazibe. Nikampa shikamoo, akaitika marahaba huku akitazama mlango. Mimi nilikuwa upande wa dirisha.

Haoni ila kivuli. Najua haifai kuliona hilo kama jambo jema. Nililiona kwa muda mfupi tu.

Ameswali alasiri chumbani, mkeka umeelekea kibla, na kibla kwa bahati mbaya ndio upande wa makabati. Nilisimama nje ya mlango. Nilijisikia vibaya. Nikaenda kupunga upepo, nikajisikia nafuu.

Alhamisi, 7 Agosti

Widad kazini. Nilidhani mama amelala. Nikalifungua pazia taratibu, maana wachawi warefu walikuwa wanawaziba mashujaa wa safu ya pili, na jambo hilo lilikuwa linanikereketa tangu jana. Sauti ikatoka kitandani.

"Hakim, ni nini hivyo vinavyogongana?"

"Chupa, mama."

"Chupa za nini?"

"Za marashi. Za Widad."

Akanyoosha mkono. Nikampa iliyokaribia kufanana na chupa, mchawi mmoja mnene. Akaipapasa kuanzia chini, polepole, vidole vya mtu aliyeshona maisha yake yote. Akafika juu.

"Chupa hii ina pua."

"Ni ya kigeni, mama. Zile za kifahari huwa na pua."

Akainusa. Akasema haina harufu. Nikasema mpaka ifunguliwe. Akasema basi nifungue. Nikakimbia chumbani kwetu, nikachukua udi wa Widad wa kupulizia, nikampulizia mchawi mpaka akalowa. Mama akanusa tena, akasema mashaallah.

Wakati wa chakula cha jioni akamwambia bintiye kwamba wanaume wa namna hii hawapatikani, mtu amkusanyie mkewe marashi ukuta mzima. Widad akanitazama. Nikasema nilitaka kumshtukiza.

Akaninyambulia samaki, akatoa miiba yote, akaniwekea upande wangu wa sinia. Hajafanya hivyo tangu fungate. Sikuweza kummeza yule samaki vizuri.

Ijumaa, 8 Agosti

Upasuaji umekwenda salama. Jicho moja, la kulia. Tumesubiri barazani pa hospitali, Widad ameshika tasbihi ya mama yake. Niliomba apone. Niliomba kweli. Kisha, kwa sauti ya chini zaidi, niliomba bandeji ikae mpaka Jumatatu.

Nikamfuata daktari ushorobani. Nikamshauri kwamba jicho la mtu mzima yafaa lipumzishwe siku tatu gizani. Akaniuliza mimi ni daktari wa nini. Nikasema fizikia. Akasema bandeji inatolewa kesho saa tatu.

Mpango mpya. Saa tatu Widad na mama wako hospitali. Saa nne chama kinaingia. Saa tano na nusu kimetoka. Pazia linafungwa. Saa sita mama anaingia. Hesabu safi kabisa.

Jumamosi, 9 Agosti

Nahashon alichelewa. Saa nne na dakika arubaini, shati jipya, akaomba radhi kwa kila mtu isipokuwa mimi. Walikuwa sita, wakiongozwa na Kavata, mwenyekiti wetu kutoka Mombasa, mwanamke asiyecheka ovyo. Nikavuta pazia. Kavata akasema, "Aa." Neno moja tu, lakini kwake hilo ni hotuba. Nahashon akapitisha kidole juu ya kioo kutafuta vumbi. Hakulipata. Kwa dakika kumi nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Malindi.

Nikawaeleza kwa nini jitu linakaa peke yake. Sikusikia mlango wa mbele.

Hospitali hawakuwa na foleni.

Bi Harusi alisimama kizingitini na miwani myeusi. Akaivua. Jicho lilikuwa jekundu, lakini lilikuwa linaona. Akaanza na mimi.

"Wewe ndiye Hakim? Nilidhani u mrefu zaidi."

Kisha akautazama ukuta. Akaupita kabati kwa kabati, hana haraka, kama mtu anayesoma. Wageni wakampisha. Akafika kwa mchawi mnene, ambaye bado ananukia udi, akainama.

"Na huyu ndiye mwenye pua."

Nikasema mama, nitaeleza.

"Nimeswali humu siku tatu," alisema.

Nikasema hukuwa unaona, mama, na Mungu anajua.

"Mungu anajua kwamba mimi nilikuwa sioni. Wewe ulikuwa unaona."

Wageni walianza kutafuta viatu vyao. Nahashon akampa mama shikamoo safi, ya kuinamisha kichwa, utadhani amezaliwa Lamu. Anatoka Kitui.

Widad alikuwa mlangoni na mfuko wa dawa. Hakupandisha sauti. Aliniuliza jambo moja. Katika ukuta ule wote, je, ipo hata chupa moja ya marashi?

Jumapili, 10 Agosti

Mama amehamia chumbani kwetu na Widad. Mkeka wake uko ukumbini. Mimi nimelala na sanamu. Zinatazama sana.

Nimekwenda mjini kununua marashi, chupa nzuri, haina pua. Widad ameipokea, ameiweka juu ya meza ya kioo, hajaifungua. Nimepita kuiangalia mara nne. Bado haijafunguliwa.

Baada ya alasiri Bi Harusi aliomba sindano na uzi. Widad alitaka kumtungia, akakataa. Akauelekeza uzi kwenye mwanga wa dirisha. Ukapita mara moja. Akautoa. Akautunga tena. Akaketi na ile sindano mkononi muda mrefu, bila kushona kitu chochote. Widad akaenda jikoni, na si kwa ajili ya kupika. Nilimfuata. Akaniambia nimwache.

Baadaye mama akanituma nimletee buibui kuukuu. Akasema kuziondoa sanamu si kazi yake, nyumba ni ya watu. Lakini wale wasichana wa kabati la kati, hawezi kuwapita vile walivyo, nusu uchi, sasa kwa kuwa anawaona.

Jumanne, 12 Agosti

Kumi na tisa wameshavikwa.

Wasichana wa samawati wako ndani ya buibui. Mashujaa wana kanzu. Wawili wana kofia za kudarizi, kila moja haizidi ukucha wa kidole gumba, na kazi yake ni ile ile, tundu kwa tundu. Jitu lenye pembe limefungwa kikoi.

Nilimweleza mama kwa adabu kwamba sanamu ikiguswa hushuka thamani kwa wakusanyaji. Akaniuliza huyu wa nywele za samawati ana mama yake? Nikasema hadithi haijasema. Akasema basi ndiyo maana, akakata uzi kwa meno.

Alipolala kidogo mchana nikajaribu kuwavua wawili, kimya kimya. Haiwezekani. Amewashonea mwilini, fundo nyuma ya shingo. Nilipoinua macho alikuwa mlangoni, ananiangalia kwa lile jicho moja. Nikasema nilikuwa napangusa vumbi. Akasema, "Pangusa."

Alhamisi, 14 Agosti

Kavata amepiga simu. Nikajua ananifukuza chamani. Hapana. Widad alituma picha ya kabati la kati kwa shangazi yake, shangazi kamtumia mtu, mtu kamtumia mtu, ikafika Mombasa. Kavata anataka kabati lile lile kwenye bango la Desemba. Nilisimama. Nilisema asante mara tatu. Akasema chini ya picha wataandika "Kazi ya Bi Harusi wa Lamu". Nikauliza na mwenye sanamu je. Akasema nafasi ni ndogo.

Hata hivyo, nimeshinda. Nahashon ameshindwa.

Saa kumi Nahashon akabisha hodi na kikapu. Ndani mna mashujaa wake saba na pakiti ya halua. Akavua viatu, akaketi chini karibu na mkeka, akamwomba mama awashonee kanzu. Mama akamwita mwanangu. Mimi huniita Hakim.

Aliwashonea watatu papo hapo. Widad akampa Nahashon kahawa. Vikombe vilikuwa vitatu. Nilivihesabu nikiwa mlangoni.

Jumapili, 17 Agosti

Bi Harusi amerudi Lamu. Waliovikwa ni arubaini na mmoja. Kituoni alinishika mkono. Nilidhani ataniusia jambo zito. Akasema kanzu yangu imefumuka bega, na kwamba kwa muda wote aliokuwa akiona, ndilo jambo alilotaka sana kulitengeneza, lakini hakujua kama nitampa. Basi likaondoka.

Njiani kurudi nyumbani Widad alizungumza. Hana ugomvi na sanamu. Waliovikwa na mama wabaki, kabati moja, ukumbini. Waliosalia niwagawe, chumba kiwe cha wageni kama watu wengine. Lakini hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba alikaa siku mbili akimpenda mtu anayemkusanyia marashi, na mtu huyo hakuwepo. Akasema, "Hakim, nikasirishe ukitaka. Usinifiche."

Niliapa. Sijawahi kuapa kwa moyo kama ule. Nilisimama njiani kabisa, watu wakatuzunguka.

Tulipofika akaingia chumbani. Alipotoka alikuwa ananukia. Si udi wake wa zamani.

Jumatatu, 18 Agosti

Siku njema. Widad ametoka kwenda kazini akiimba. Nimejifunza mengi wiki mbili hizi na nimeyaandika akilini.

Nimepanga waliovikwa ukumbini. Wamependeza. Waliobaki mia na ishirini na mbili wamekaa sakafuni wakisubiri kugawiwa. Nimezungumza na watu wawili watatu. Hakuna anayefaa. Mmoja alisema atampa mtoto achezee. Nilikata simu.

Nikapanda juu ya paa kutuliza akili. Kule kuna tangi letu la zamani, halina maji tangu tununue jipya. Nikalifungua kwa kuangalia tu. Ndani kukavu. Halipitishi vumbi wala jua. Mfuniko unafunga vizuri, na Widad hapandi huko kwa kuwa anaogopa ngazi. Nimelipima. Zikisimama kwa safu za mviringo zinaingia mia na ishirini na mbili, na inabaki nafasi ya taa ndogo na mtu mmoja aliyechutama.

Hii si kuficha. Kuficha ni kuulizwa ukakana. Hakuna mke anayemuuliza mumewe ndani ya tangi kuna nini.

Nimeshapandisha themanini. Kiuno kinauma. Widad nitamweleza, hilo halina mjadala. Ila si leo. Leo ametoka na furaha, na haifai kumharibia mtu siku yake.