Kibao cha Mwaka 1949

Jumatatu, 4 Mei 2026

Nimechoka kabla wiki haijaanza. Baridi ya Iringa imehamia kwenye magoti. Lakini leo nimeuona mlango! Makumbusho ndogo ya Dada Verediana inatafuta mtu wa kufundisha wanafunzi maandishi ya zamani: vibao vya maduka, mbao za makanisani, maboksi ya chai, na jinsi herufi zilivyochorwa kwa mkono. Kazi ya kudumu. Nani kama mimi, Sosthenes? Nimeandika vibao kutoka Mbeya mpaka Zambia. (Mpaka Tunduma. Lakini Tunduma ukipiga chafya, Zambia wanakuitikia.)

Huko nimemkuta Anord. Huyu ndiye mwenye mashine ya mabango ya plastiki, aliyenimalizia wateja wote wa mtaa wa Kihesa. Tangu aje, brashi zangu zinakauka kama samaki. Naye anaitaka kazi! Kasema kompyuta yake ina herufi zote tangu enzi za Mjerumani. Nikamuuliza kama ina na mkono uliozichora. Moja bila.

Dada Verediana kasema tushindane Alhamisi mbele ya wanafunzi wa ziara kutoka Rujewa, na mwenye kibao halisi cha zamani akilete. Anord kasema hana. Mdomo wangu ukasema ninacho, cha duka la babu yangu Mbeya, la 1949. Babu hakuwa na duka. Alikuwa na nguruwe.

Jumanne, 5 Mei

Nimempigia shangazi Esnath, Mbeya. Shangazi, kuna kibao chochote cha zamani huko? Kasema kilikuwepo cha jirani, wakakipasua wakapikia wali wa msiba. Kisha kaniambia nimepotea sana, nipige hata siku ambayo sina shida. Kweli tupu. Iliniuma kama dakika tano.

Basi. Historia nitaitengeneza mwenyewe.

Jumatano, 6 Mei

Nimefanya kazi mchana kutwa. Ubao: kichwa cha kitanda chetu. Mninga mkavu, wa heshima. Nimechora DUKA LA MZEE ANANIA, CHUMVI NA NGUO, 1949. Herufi zenye viatu miguuni na matumbo manene, kama zile za vitabu vya nyimbo vya wamisheni. Rangi ilipokauka nikakifukiza jikoni, nikakipaka chai ya rangi, nikakisugua kwa jivu na kukipiga mnyororo wa baiskeli. Nikakitazama, nikatamani kwenda kununua chumvi kwa Anania.

Mke wangu Faustina kauliza kichwa cha kitanda kimekwenda wapi. Nikamwambia kimekwenda shule. Kasema, baba Didas, afadhali kichwa kimoja cha nyumba hii kisome.

Alhamisi, 7 Mei

Sijui nianzie wapi. Nimechoka mpaka kope.

Anord alianza. Aliwaonyesha watoto picha kwenye kompyuta, umeme ukakatika. Nikamwonea huruma kidogo. Kidogo tu.

Nikasimama na kibao changu. Nikawasalimu, Kamwene! Wakaitikia wote. Nikawaambia herufi ni watu: hii ina kiuno, hii imevaa viatu, hii imeshiba. Kwamba muuza duka wa zamani alitaka herufi nene ili mteja aone jina kutoka ng'ambo ya mto. Wakaweka karatasi juu ya kibao, wakanakili kwa penseli. Dada Verediana alikuwa anatabasamu mpaka fizi. Kazi nilishaiona mfukoni.

Ndipo binti mmoja, Frida, akanyoosha mkono. Akauliza, mwalimu, mwaka 1949 watu walikuwa na simu za mkononi?

Kona ya chini, kulia. Jina langu na namba yangu ya simu. Fundi wa vibao yeyote wa huku humaliza hivyo, ndilo tangazo letu pekee. Mkono ulijiandikia wenyewe kwa mazoea, na mimi nikaifukiza na namba!

Anord alitoa simu, akabonyeza taratibu. Mfuko wangu ukaanza kuimba pambio. Watoto waliangua kicheko mpaka mmoja akakaa chini. Nikasema huenda ni namba ya ukoo. Dada Verediana hakucheka.

Nilikuwa nafunga mfuko wangu wa brashi niondoke. Frida akanifuata. Kasema, basi tuonyeshe ulivyokichora. Ningekataaje? Nikageuza ubao, nikaanza upya upande wa nyuma, polepole, kila mtoto akachora herufi ya kwanza ya jina lake. Chakula chao kilipoa. Mwalimu wao aliita mara tatu. Hata Anord alichora A. Imelala kama mlevi, lakini nilimsifu.

Ijumaa, 8 Mei

Nimeitwa ofisini. Dada Verediana kanisema kama mtoto aliyeiba sukari. Kasema makumbusho ikidanganya mara moja, hakuna mtoto atakayeiamini tena. Nilitazama viatu vyangu. Kisha kasema jana watoto walikagua kila herufi ukutani kutafuta uongo mwingine, jambo ambalo hajawahi kuliona. Kibao kitabaki, kikiwa na maelezo kwamba ni cha kughushi, wanafunzi watafute kosa. Na kazi ni yangu! Sharti moja: nisighushi tena, popote, kwa yeyote. Nikighushi, kazi kwa Anord.

Nimeapa. Machozi yalinitoka, ya kweli kabisa. Mimi ni mtu mpya.

Jumapili, 10 Mei

Baada ya ibada, simu. Bwana mmoja mwenye hoteli Mbeya. Alitembelea makumbusho jana, akaona kibao, akaona namba. Maelezo hakuyasoma, alikuwa na haraka. Anataka cha zamani zaidi, cha ukumbini, wanafunzi wa ziara wakija kula wajifunze historia.

Nikakumbuka kiapo. Nilikikumbuka vizuri sana, chote. Lakini Dada Verediana alizungumzia makumbusho, na hii ni hoteli. Tena wanafunzi wana njaa ya elimu. Nani mwenye moyo wa kuwanyima?

Nimemwambia avumilie mpaka Jumatano. Rangi ya 1921 bado haijakauka.