Bodi ya Afya Yakutana Loresho

Lazarus Odero hakuajiriwa na ofisi yoyote ya jiji la Nairobi, lakini alifika ofisini kila asubuhi kabla ya makarani. Alivaa suti ya kijivu na tai nyembamba, na kwapani alibana faili ambayo ndani yake mlikuwa na gazeti la jana. Benchi alilolipenda lilikuwa nje ya mlango wa watu wa afya. Mtu anayengoja leseni ya duka, aliwaeleza rafiki zake, ana haraka ya faida. Anayengoja ruhusa ya choo ana haraka ya kweli.

Ulikuwa mwaka wa sabini na tatu. Wazungu walikuwa wakiuza nyumba zao za mtaa wa Loresho na kurudi kwao, na waliozinunua walikuwa wakihamia na watoto, wapwa, na shemeji waliokuja kusalimia wakasahau kuondoka. Nyumba zile hazikuungwa na mfereji wa jiji. Kila moja ilikuwa na tangi lake la maji machafu chini ya majani, na tangi lenyewe lilijengwa kwa hesabu ya wazee wawili na mbwa wao. Halikuchukua muda likaanza kulalamika, na malalamiko yake yalinukia hadi kwa jirani.

Asubuhi hiyo alitoka mlangoni mama mmoja mnene, kitenge kizuri, midomo imefumbwa kama pochi. Lazarus akasimama, akavua kofia.

"Pole sana, mama."

"Pole ya nini? Tunajuana?"

"Hatujuani. Lakini huo uso ninaujua. Huo ni uso wa tangi."

Mama akamtazama kuanzia viatu kwenda juu. Aliitwa Syokau, na alikuwa na duka la vinyago nyuma ya soko kuu mjini, ambapo kinyago kilichochongwa Jumatatu kilipakwa kiwi ya viatu Jumanne, na kufikia Jumatano kilikuwa na umri wa miaka mia na watalii wakakigombania. Kwa hiyo hakuwa mtu wa kudanganywa na tai. Lakini alikuwa amechoka, na uchovu huwafanya watu wazungumze.

"Nimenunua nyumba Loresho," alisema. "Nataka kupangisha vyumba vya nyuma. Hawa wananiambia hiyo tangi ni ndogo, nichimbe ingine kubwa, na mpango wangu lazima uangaliwe na Bodi ya Afya ya Mtaa. Nauliza Bodi inakaa lini? Karani anacheka."

"Atakosaje kucheka? Bodi inakuja vipi na haina gari?" Lazarus akateremsha sauti. "Mimi ni Afisa wa Ufundi wa Bodi hiyo hiyo. Ikikaa hapa, inaona karatasi yako. Ikikaa kwako, inaona shida yako, na inapitisha papo hapo."

"Na hapo nitatoa nini?"

"Mama!" Lazarus akaweka mkono kifuani kama aliyechomwa mwiba. "Bodi haipokei pesa."

"Basi inapokea nini?"

"Usafiri."

"Wa siku moja?"

"Bodi, mama, husafiri mwaka mzima."

Syokau akafikiri kidogo. "Nina Pijo nyeupe," akasema. "Imelala tu kwa garaji. Ikipitisha tangi yangu, ichukue."

Mtu mwingine angejiuliza kwa nini mfanyabiashara atoe Pijo upesi namna ile, kama mtu anayegawa paka wachanga. Lazarus hakujiuliza. Tayari alikuwa anajiona akipita katikati ya mji polepole, kiwiko nje ya dirisha, wanaomdai wakirukia kando. Hakujua kuendesha gari, lakini katika picha ile jambo hilo halikuonekana.

Sasa ilibaki kutafuta Bodi. Aliipata siku hiyo hiyo katika mkahawa wa River Road, ikinywa chai kwa mkopo. Mwenyekiti alikuwa Ephantus, mzee mrefu mwenye mvi za heshima, aliyekuwa dalali wa mnada mpaka alipouza kabati la mtu ambaye hakuwa analiuza. Katibu alikuwa Phoebe Naliaka, mwanamke wa makamo mwenye miwani, aliyekuwa akiwapigia watu taipu karibu na mahakama. Phoebe hakuwa na maneno mengi. Watu walidhani ni upole.

"Kazi yenyewe ni kukaa, kula kuku na kusema ndiyo," Lazarus aliwaeleza.

"Na gari?" Phoebe aliuliza.

"Gari ni langu. Shauri ni langu, mama ni wangu."

"Na sisi?"

"Nyinyi mtapata shukrani."

"Shukrani kiasi gani?"

"Kubwa."

Phoebe akamtazama Ephantus. Ephantus akatazama chai yake. Lazarus akahesabu kwamba wamekubali, akaondoka akipiga mluzi.

Jumamosi Bodi ya Afya ya Mtaa iliteremka kwenye basi kule barabara kuu, ikapanda mlima wa Loresho kwa miguu, ikipita mashamba ya kahawa na kujipangusa vumbi kwa leso. Syokau aliipokea langoni.

"Mmetembea?" akashangaa.

"Mama," alisema Ephantus kwa sauti iliyotoka tumboni, "hilo ndilo tatizo tulilokuja kulitatua."

Meza iliandaliwa barazani: kuku wawili, chapati, na soda zilizotoka kwenye friji zikitoka jasho. Bodi ilitaka kuanza na kuku, lakini Mwenyekiti alisema kazi kwanza. Lazarus alishangaa kidogo, maana hilo halikuwa katika maagizo yake. Wakaenda nyuma ya nyumba. Kifuniko cha tangi kikainuliwa. Ephantus akavua kofia, akasimama kimya kama yuko kaburini, kisha akasema, "Nimeona." Phoebe aliinama, akachungulia muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akauliza ni watu wangapi wanaolala nyumbani, na ni wangapi wanaokuja tu kula. Syokau akajibu yote kwa unyenyekevu. Lazarus, akitaka naye aonekane, akaipiga teke ardhi na kusema, "Udongo."

Wakarudi barazani. Ephantus akaomba kwa kirefu, akiwakumbuka wagonjwa, yatima, na wote wanaoishi mteremko wa chini ya matangi. Kisha wakala. Vidole vilipooshwa, Mwenyekiti alichukua kijiko akakigonga mezani, na kwa mara ya kwanza tangu afukuzwe mnadani, uso wake ukang'aa.

"Ombi la mama la kupanua tangi. Kuna pingamizi? Kwa mara ya kwanza! Kwa mara ya pili!" Kijiko kikalia. "Limepita!"

Syokau akapiga makofi. Akatoa ufunguo wa Pijo, akauweka mezani juu ya kisahani. Lazarus akanyoosha mkono.

"Kupitia kwa kiti cha Mwenyekiti," alisema Phoebe.

Mkono wa Lazarus ukasimama hewani.

"Katibu ana hoja," alisema Ephantus. "Aendelee."

"Gari la Bodi lisikae ovyo," alisema Phoebe, akirekebisha miwani yake. "Napendekeza Katibu alishike kwa niaba ya Bodi."

"Mheshimiwa Mwenyekiti," Lazarus alisema huku akicheka kwa meno tu, "desturi ya Bodi hii ni gari kushikwa na Afisa wa Ufundi."

"Afisa wa Ufundi ana leseni ya kuendesha?"

Lazarus akakohoa. "Mambo ya leseni..."

"Mimi ninayo," alisema Phoebe, akaitoa mkobani. Alikuwa amemwendesha daktari mmoja wa Parklands miaka kadhaa kabla ya mambo ya taipu. Lazarus hakuwahi kuuliza. Hakuwahi kumuuliza Phoebe chochote.

"Vilevile," Katibu akaendelea, "tangi limepita lakini halijachimbwa. Napendekeza Afisa wa Ufundi abaki hapa kusimamia kazi, asiondoke mpaka iishe."

"Hoja nzuri sana," alisema Syokau.

Lazarus akawatazama wote watatu. Angeweza kusimama na kumwambia mama wa watu ukweli: kwamba Mwenyekiti ni dalali asiye na mnada, kwamba hii si Bodi, kwamba ameiokota juzi River Road ikinywa chai ya mkopo. Kila neno lingekuwa kweli, na kila neno lingemfunga. Hajawahi mtu kukabwa koo hivyo na utaratibu aliouanzisha mwenyewe.

"Kuna pingamizi?" aliuliza Ephantus, na sasa alikuwa anafurahi bila kujificha. "Kwa mara ya kwanza! Kwa mara ya pili!"

Kijiko kikalia.

Pijo iliwaka baada ya kusukumwa na Afisa wa Ufundi mwenyewe, kwani Mwenyekiti alikuwa mzee na Katibu alikuwa kwenye usukani. Ikateremka kuelekea langoni. Ephantus alipunga mkono dirishani taratibu, kama gavana. Hadi hapo Lazarus alikuwa ameshika ulimi wake kiume. Lakini gari lilipopinda kuelekea barabara kuu, na jua likameta kwenye bampa lake, kitu kilimkatika ndani.

"Mwizi!" alipiga yowe, akakimbia hadi langoni. "Mwizi! Shika mwizi!"

Vumbi likatua. Ndege wakaendelea na mambo yao. Lazarus akageuka, akamkuta Syokau amesimama nyuma yake, mikono kiunoni.

"Mwizi ni nani?" aliuliza kwa upole. "Ni Mwenyekiti ama ni Katibu?"

"Nilikuwa nawaaga tu, mama."

"Kwenu watu huagana hivyo?"

Lazarus akaanza kuinyoosha tai yake.

Syokau akamrudisha barazani, akaita kwa Kikamba. Kutoka chumba cha nyuma akatokea mwanamume mpana aliyevaa fulana na suruali ya kaki ya polisi, macho yamejaa usingizi. Alikuwa binamu yake, Koplo Kivuva, aliyekuwa likizoni. Koplo akasikiliza habari yote bila kupepesa macho, akaomba kitambulisho cha Lazarus, akakisoma mbele na nyuma, akakitia mfukoni.

"Twende kituoni," akasema.

"Ngoja," alisema Syokau.

"Ngoja nini? Huyu amekuibia gari."

Syokau akatazama maua yake. "Hiyo gari si yangu," alisema hatimaye. "Ni ya yule Mzungu aliniuzia nyumba. Aliniachia nimuwekee mpaka atume mtu wa kuichukua."

Koplo Kivuva akavuta kiti akakaa, kama mtu ambaye likizo yake imeisha ghafla. Lazarus aliinua kichwa, akamtazama yule mama kwa jicho jipya. Alijisikia kama mhubiri aliyegundua kwamba mtu aliyekuwa anambatiza ni askofu.

"Na akituma mtu?" Koplo aliuliza.

"Nitamwambia ilichukuliwa na Bodi," alisema Syokau. "Huo ni uongo?"

Koplo akafikiri, akaona kwamba ukiuangalia kwa makini, haukuwa uongo.

"Basi kituoni hatuendi," Syokau akaendelea. "Nikimshitaki huyu nitaulizwa nilikuwa natoa gari ya nani, na nilikuwa naitoa kwa nini. Lakini tangi yangu bado ni ndogo. Na Bodi ilisema huyu asitoke hapa mpaka kazi iishe. Hata yeye alisikia."

"Mama," alisema Lazarus, "mimi ni mtu wa ofisi."

"Vua viatu," alisema Syokau.

Viatu vikafungiwa kabatini pamoja na koti na tai. Syokau akamwonyesha mahali karibu na ua wa mpaka, ili bustani isiharibike, akampa jembe, sururu na beleshi. Lazarus alichimba. Siku za kwanza alichimba kwa ulimi, akimweleza Koplo Kivuva habari za shamba la dhahabu Kakamega ambalo mtu mwenye mshahara wa serikali angeweza kuingia ubia. Koplo alisikiliza kwa makini, akaomba chai nyingine. Baadaye Lazarus alichimba kwa mikono tu. Malengelenge yalipasuka, yakawa sugu. Alilala chumba cha nyuma, akala githeri hadi akanenepa shingo, na usingizi wake ukawa mzito ajabu. Habari zilifika kutoka mjini kwamba Pijo fulani, sasa ya kijani, ilikuwa ikifanya teksi upande wa Kitale, na kwamba kulikuwa na mzee mwenye mvi anayeita abiria kwa sauti ya kanisa. Lazarus alizisikia akiwa ndani ya shimo, akatupa udongo juu kwa nguvu zaidi.

Shimo lilipomzidi kimo, bwana afya wa kweli alikuja. Alikuwa kijana mwembamba mwenye buti za mpira na utepe wa kupimia, na hakuwa na haja ya gari la mtu, maana alikuja na baiskeli yake. Alizunguka, akapima, akachungulia.

"Kuta zimenyooka sana," alisema. "Nani amechimba?"

"Fundi wangu," alijibu Syokau.

Kule chini Lazarus akajikuta amesimama wima, akipangusa uso kwa mgongo wa mkono. Hakuna mtu aliyewahi kuisifu kazi yake hadharani. Sifa za kazi yake ya zamani zilitolewa mahakamani. Ilimchoma mahali fulani, na haikumchoma vibaya.

"Lakini haiwezekani," bwana afya akaendelea. "Hapa ni karibu mno na ua. Maji yatamwendea jirani. Fukieni hili, mchimbe lingine kule." Akaonyesha pembe ya mbali kabisa ya kiwanja, ng'ambo ya bustani.

Koplo Kivuva akaweka kikombe chini.

"Bwana," sauti ikatoka shimoni, "kuna rufaa?"

Bwana afya akainama ukingoni, akamtazama mchimbaji kwa huruma.

"Iko," alisema. "Unaandikia Bodi, halafu unangoja."

Lazarus akaegemea ukuta wake ulionyooka. Alipoinua macho, bwana afya alikuwa akipanda baiskeli, na Syokau alishafika kwenye ile pembe, anachora mstari ardhini kwa kisigino.