Kubiti Arobaini na Tisa na Ufutio Mmoja

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Msambweni. Mvua asubuhi. Mkuu wa idara, Mzee Nassir, ametuita mimi na Zainabu, mwalimu mwenzangu wa elektroniki. Maabara moja ya Nairobi inatafuta watu wa kubuni chipu ya kompyuta ya kwanta. Michoro ifike Ijumaa. Mkataba wangu hapa chuoni unaisha Desemba, kwa hiyo nafasi hiyo ni yangu. Nimemwarifu Bi Jumwa, mwenye nyumba wangu, kwamba nitahama. Amesema Alhamdulillahi, kwa furaha nisiyoipenda.

Chipu ina nafasi ya kubiti arobaini na tisa. Hizo ndizo zinazobeba hesabu, na ni dhaifu: joto kidogo tu, zinakosea. Zainabu ametenga ishirini na nne ziwe wakaguzi wa wenzao. Karibu nusu! Hoteli za Diani zina askari wengi kuliko wageni. Chipu yangu haitakuwa hivyo. Zote kazini.

Jumanne, 9 Septemba

Tumejaribisha michoro kwenye kompyuta ya idara. Wangu umepoteza hesabu kabla sijakaa vizuri kitini. Mzee Nassir akauliza makosa yanasahihishwa na nani. Nikamjibu kubiti zangu zimelelewa vizuri. Hakucheka.

Jumatano, 10 Septemba

Mbinu mpya. Msimamizi mmoja katikati, waya hadi kwa kila kubiti, azisome moja moja. Hesabu imekufa papo hapo. Zainabu akanieleza, bila kuombwa, kwamba kubiti ikisomwa hupoteza ilichobeba. Akasema mimi mtu wa bara labda sijazoea, lakini kijijini kwao Munje mtu hafungui mlango wa jirani kuangalia kama yu salama. Hupiga hodi, akaitikiwa, akaridhika. Mkaguzi naye huuliza tu kama kubiti jirani bado zinapatana. Kilichomo ndani hakimhusu. Nimemshukuru. Mahubiri, na wala si Jumapili.

Alhamisi, 11 Septemba

Zainabu ametoka mapema kwenda kwao. Nikaingia ofisini mwake. Sikupiga hodi, kwani angeitikia nani? Mezani kulikuwa na mchoro safi wa penseli, hauna jina, wakaguzi ishirini na nne kila mmoja katikati ya majirani zake. Mzuri mno. Wivu ulinikaba, naandika ukweli. Nikachukua ufutio nikafuta wakaguzi wote, nikapuliza vumbi. Ndiye mimi Maxwell, mtu wa mbinu.

Ijumaa, 12 Septemba

Mzee Nassir ameichukua karatasi mezani kwa Zainabu, akaipiga picha na kuituma mbiombio kabla ya sala. Nimekula wali wa nazi sahani mbili.

Jumatano, 17 Septemba

Majibu yamekuja. Zainabu amechaguliwa. Nikadhani maabara imekosea.

Mzee Nassir akaniita, akanieleza taratibu. Zainabu alikwisha kuutuma mchoro wake kwa kompyuta tangu Jumatano iliyopita. Ule wa mezani ulikuwa wangu. Yeye mwenyewe alimwomba Zainabu ausahihishe na kuuchora upya, maana nafasi zilikuwa mbili na alitaka twende sote. Hakuniambia kwa kuwa alijua ningekataa kusahihishwa. Maabara wameandika kwamba mchoro wa pili ungefaa kabisa, kama ungekuwa na mkaguzi hata mmoja.

Zainabu amesema pole, ndugu yangu, na kwamba haelewi wakaguzi walienda wapi. Nilishindwa kumtazama. Nimeketi kwenye ngazi za nyuma mpaka kengele ilipolia, nimeumia kwelikweli.

Bi Jumwa ameshapata mpangaji mwingine.

Alhamisi, 18 Septemba

Nimetafakari, na kosa langu nimeliona: nilifuta kabla ya kuuliza mchoro ni wa nani. Nafasi ya pili itatangazwa tena Oktoba, na mwalimu Randu ameanza kuchora. Adhuhuri huenda kula, mlango hafungi. Hodi sitapiga, watu wakisikia hodi huficha karatasi.

Nimepita dukani. Nimenunua ufutio mkubwa zaidi.