Mlaji wa Kijito cha Moto

Taarifa ya habari ya asubuhi redioni ilikuwa haijafika hata kwenye hali ya hewa, Oddgeir alishaanza kubisha.

"Mmesikia? Eti samaki wakubwa wanatoweka kwenye kijito cha maji ya moto hapo bondeni, na ni dalili ya joto la dunia! Jamani, nchi nzima inatetemeka kwa baridi, halafu mtu analalamikia joto!"

Aliyasema hayo akiwa amezama hadi shingoni kwenye maji ya moto ya bwawa la Hveragerði, theluji ikimwangukia upara. Hapo ndipo kijiweni kwao. Wenzake walimwita Diwani, kwa kuwa aligombea udiwani akapata kura yake na ya mkewe, na ya mkewe kwa kubembeleza.

"Mlalamikaji si huyu hapa?" alisema Jórunn, mwalimu mkuu mstaafu aliyeitwa Kengele, akimnyooshea kidole Steinvör. "Ndiye aliyeongea redioni."

Steinvör alizama kidogo. Kazi yake ilikuwa kujua nani anamla nani kwenye vijito vya bonde lile, na kwa kulala kwake kifudifudi akihesabu konokono, walimwita Mama Konokono. Mchana huo alikuwa asimame Reykjavik, mji mkuu, mbele ya watafiti wenzake, na akichemsha, bonde angepewa mtu mwingine.

"Haya, tufundishe," alisema Diwani. "Polepole, mimi kichwa kigumu."

"Vijito viwili, bega kwa bega. Kimoja baridi, kingine kimepashwa na ardhi. Cha moto ndiyo kesho ya cha baridi, dunia ikizidi joto. Humo konokono wananenepa, wanafyeka uteute wote wa kijani kwenye mawe. Mabuu ya inzi, wanayokula samaki, yanakosa chakula. Na samaki ndiyo anazidi njaa, maana joto linamchemsha mwili."

"Kama Diwani," alidakia Kengele. "Akitoka humu anataka kondoo mzima."

"Wewe Kengele! Sasa Mama, unajuaje kama wametoweka? Labda wamejificha tu."

"Nimewawekea alama tumboni. Kidude cha kioo, kama punje ya mchele. Nikipitisha chombo changu juu ya maji, kinalia. Vuli ikifika, wadogo wanalia, wakubwa kimya. Njaa imewamaliza. Ndivyo nitakavyosema leo."

Pembeni yao alikuwepo Ketill. Huyu waliyemwita Moshi alikuwa fundi wa kukausha samaki kwa moshi wa samadi ya kondoo, na mtaa mzima ulimjua kwa pua. Alikuna sikio.

"Punje ya mchele, umesema?"

"Ndiyo."

"Ya kioo?"

"Ya kioo, Moshi. Vipi?"

"Basi watalii nimewalaani bure."

Wote wakamgeukia.

"Moshi," alisema Kengele kwa sauti ile ya darasani, "sema."

"Kijito si kinapita shambani kwa dada yangu? Vuli naenda kuvua kidogo. Wakubwa tu! Wadogo nawarudisha, mimi si mshenzi. Nikiwapasua nakuta hivyo vidude. Nikasema, ona watalii hawa, wametupa taka mpaka samaki wanameza. Kuna Mjerumani nilimfokea pale mtoni, maskini, hata chupa hakuwa nayo."

Diwani alicheka mpaka akanywa maji ya bwawa.

"Na ukishawakausha," aliuliza Steinvör, ingawa moyo ulishajua, "unawapeleka wapi?"

"Si hapa hapa? Kila Jumamosi, kwenye kahawa, juu ya mkate mweusi. Wewe mwenyewe unaongeza. Ulisema hujawahi kula samaki mtamu vile."

Steinvör aliona aibu mpaka akatamani theluji imfukie. Kuna samaki mmoja alimpima tangu yu mdogo, akampa jina, akanuna wiki nzima alipotoweka. Kumbe alimla na siagi.

"Joto la dunia ni wewe!" alipiga kelele Diwani. "Kesi imekwisha. Joto halina kosa, katangazeni!"

"Funga domo," alisema Kengele. "Baba yangu alivua bleikja ziwani maisha yake yote. Leo hawapo. Na wale Moshi hakuwala."

"Sikuwala, naapa!"

"Ni kweli," alisema Steinvör. "Maji ya ziwa yamepanda joto, na bleikja ni samaki wa baridi. Hilo nimelipima, halina utani. Lakini leo nikiuchuna kuhusu kijito, siku wakigundua watasema hata la ziwa ni chai."

"Njia ya mwongo fupi," alisema Kengele.

Moshi alimsogelea, uso umemshuka. "Mwanangu, utanitaja?"

"Sikutaji. Nitasema kwenye kijito changu, katika kupanga nani anamla nani, nilimsahau mlaji mmoja. Mkubwa kuliko wote, anatembea kwa miguu miwili."

"Si ndiyo mimi huyo!"

"Wewe ulivua tu, Moshi. Mlaji ni mimi; picha nitakayowaonyesha ni yangu."

Steinvör aliinuka, mvuke ukimtoka mwili mzima, akashika ngazi. Diwani akamuwahi kwa swali la mwisho.

"Na wakikuuliza, huyo mlaji anapungua au anaongezeka?"

Steinvör alijitazama kiuno.

"Anaongezeka," alisema, akakimbia peku kwenye theluji kwenda kuvaa.